Maji ya Maua

Chupa zilizomwagwa siku ile zilikuwa kumi na tisa, na mzee Sitati alitaka azimwage kwa mkono wake mwenyewe. Bintiye Nekoye alikuwa ameteremka kutoka Dundori asubuhi na mapema, na ndoo mbili na glavu za mpira, kama mtu aliyetumwa kusafisha choo cha shule. Baba yake alimkataza kugusa chochote. Nekoye akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, mikono magotini.

"Baba, ni chupa tu. Si mazishi."

"Wewe kaa hapo uhesabu."

Nyumba ilikuwa ile ile ya mtaa wa Section 58, Nakuru, waliyohamia wakati Sitati alikuwa bado fundi wa mabehewa ya reli. Nyuma yake palikuwa na kiwanja kidogo kilichojaa mawaridi ya marehemu mkewe, Edinah. Sitati aliinama kando ya mawaridi hayo, akang'oa kizibo cha kwanza, akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, "Mei 2009", kwa mwandiko wake mzuri wa kulala upande mmoja, halafu akaiinamisha chupa juu ya mtaro. Divai nyekundu ikashuka taratibu kupita chini ya ukuta wa mabati. Alipofika chupa ya tano harufu ya waridi ilikuwa imejaa ploti nzima. Nyuki walikuja. Baada ya nyuki akaja jirani.

"Sitati!" Kichwa cha mzee Kiprugut kilichomoza juu ya mabati. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, na urafiki wao ulikuwa wa miaka thelathini na zaidi. "Sitati, umelewesha mtaro wangu! Panya wangu wanatembea wameshikana mabega!"

"Nenda zako."

"Ungeniita nilete kikombe."

"Si ulisema ni kinywaji cha wadudu?"

"Nilisema nikiwa nimeshiba. Lakini kweli, Mbukusu mzima kunywa maua! Nyuki akinywa maua anatupa asali. Wewe ulitupa nini? Usingizi wa saa nane mchana."

Nekoye alicheka. Ilikuwa miezi mingi tangu mtu acheke katika nyumba ile, na Sitati alisikia kicheko hicho mgongoni mwake kama jua.

"Ngapi?" aliuliza alipoitikisa ya mwisho.

"Kumi na tisa."

"Basi zimeisha."

"Zote, Baba?"

"Nimesema zimeisha."

Nekoye alimwamini. Hakuwa na sababu ya kutomwamini. Baba yake alikuwa mtu wa kusimama kanisani kusoma Neno, mtu ambaye majirani walimwachia funguo zao wakisafiri. Lakini chupa ya ishirini ilikuwa chumbani, ndani ya sanduku la mbao la Edinah, imefungwa kwenye leso yake ya kijani. Sitati aliiweka humo jioni ya jana yake. Karatasi yake ilisema "Mei 2021".

*

Divai ile haikuwa ya kuuzwa. Sitati hakuwahi kuuza hata glasi moja. Alijifunza kuitengeneza akiwa na miaka thelathini na kitu, wakati alipokuwa akitoka karakana ya reli saa kumi na moja, anaoga, anavaa shati safi, anakwenda shule ya jioni ya watu wazima. Wenzake walimcheka wakamwita "Ngumbaru". Aliwaacha wacheke. Baada ya miaka minne alikuwa akisoma Kiingereza bila kusogeza midomo, na katika maktaba ya mji akakuta kitabu chembamba cha mzungu fulani kilichofundisha namna ya kutengeneza divai nyumbani kwa maua. Alikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kama wengine wanavyosoma hati ya shamba. Kitabu kilitaja maua ya kule kwao mzungu, ambayo Nakuru hayapo. Edinah ndiye aliyesema, "Si tuna mawaridi?"

Hapo ikawa kazi yao wawili. Kila mwaka mvua ya masika ilipotulia, Edinah alichuma petali asubuhi, umande ukishakauka lakini jua likiwa bado halijawa kali, kwa sababu jua kali huiba harufu. Kila petali ina kisigino cheupe pale iliposhikana na ua. Kisigino kile ni kichungu, na Edinah alikikata kwa mkasi mdogo wa kushonea, petali moja baada ya nyingine, beseni zima, akiimba. Sitati alichemsha maji, akayamimina juu ya petali kwenye ndoo, akafunika, akakoroga asubuhi na jioni kwa siku tatu mpaka petali zikabaki nyeupe kama karatasi na maji yakawa mekundu. Akachuja kwa kitambaa. Akatia sukari, maji ya ndimu, na kikombe kimoja cha chai kavu ya rangi, kali kabisa, ili divai iwe na mgongo, isiwe hafifu. Mwisho hamira. Akayajaza maji hayo katika mtungi wa kioo na kuuvisha mdomoni puto la watoto lililotobolewa kwa sindano. Hamira ilipoanza kazi, puto liliinuka, likasimama juu ya mtungi kama kichwa cha mtu mwenye majivuno. Liliposinyaa na kulala, kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kuhamisha divai kwa mpira mwembamba, kuacha mashapo chini, na kusubiri.

Watoto, Nekoye na mdogo wake Quincy, waliamka kila asubuhi kuangalia kama puto limeamka pia.

Shida ilikuwa jina. Kanisa lao halikutaka pombe, si kidogo si nyingi, na Sitati alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja mchungaji alipita bila kutoa habari, akakuta glasi mbili nyekundu mezani. Akauliza ni nini. Edinah, bila hata kuacha kupakua chakula, akajibu, "Ni maji ya maua, pasta. Ni mazuri kwa tumbo." Mchungaji akanywa glasi mbili, akayasifu, akalala kwenye kochi na kiatu kimoja mguuni. Nyumba ile ilicheka kisa hicho miaka na miaka. Na tangu siku ile neno lilikuwa hilo. Hakuna aliyesema divai, na hakuna kabisa aliyesema pombe. Maji ya maua. Jumapili baada ya chakula hata watoto walipata, kijiko kimoja cha chai kila mmoja. Ni maji, jamani. Yangewadhuru vipi?

*

Quincy alikua akawa fundi umeme, tena fundi wa kusifiwa. Kiwanda cha unga kilimwajiri. Halafu pombe ikamshika, ikamshika vibaya. Alifutwa kazi mara ya kwanza, akarudishwa. Akafutwa mara ya pili, hakurudishwa. Mkewe akamvumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akaenda kwao. Edinah alikufa Agosti ile ya 2021 akimwita jina, naye Quincy alikuwa amelala kwenye veranda ya duka, hajitambui. Alikosa kushika mkono wa mama yake kwa saa mbili tu. Baada ya hapo alikunywa kama mtu anayejaribu kuzima moto.

Mwaka wa tatu Nekoye na mumewe Kibii, msomba maziwa, walimpeleka kwenye kituo kimoja cha kuwasaidia walevi, upande wa Njoro. Alikaa miezi mitatu. Kabla hajatolewa, familia iliitwa kikaoni.

Kaunsela alikuwa msichana anayeitwa Chepkemoi, umri wa wajukuu wa Kiprugut, mwenye daftari na sauti ya chini. Sitati alienda amevaa koti lake la kanisani, viatu vimepigwa rangi mpaka vinaonyesha dari.

"Quincy," Chepkemoi aliuliza, "mara ya kwanza kuonja pombe ulikuwa wapi?"

Quincy alitazama chini. Alitazama viatu vya baba yake kwa muda mrefu kidogo.

"Kidato cha pili," alisema. "Tulitoroka shule na maboyi. Tukakunywa chang'aa kule mtoni."

Sitati alishusha pumzi. Alijihisi kama mtu aliyesimama kizimbani akasomewa kwamba hana hatia. Akapata hata nguvu ya kusema.

"Daktari, kwangu pombe haijawahi kuvuka mlango."

"Mimi si daktari, mzee wangu. Na ile divai aliyonitajia Nekoye?"

"Hayo ni maji ya maua."

"Yana sukari?"

"Yana sukari."

"Na hamira?"

Sitati alivuta koti lake likae sawa.

"Naomba yatoke nyumbani kabla Quincy hajarudi," Chepkemoi alisema kwa upole. "Yote. Sisemi umekosea. Nasema tu yatoke."

Ndipo wiki mbili baadaye zile kumi na tisa zikamwagwa.

*

Walikaa vizuri wiki tisa, baba na mwana. Wiki tisa ambazo Sitati angezikumbuka siku baada ya siku.

Quincy alirudi amekonda lakini macho yake yamekuwa meupe. Alibadilisha nyaya zote za nyumba, akisema ni ajabu hawakuungua miaka yote. Watu wakaanza kuleta pasi, redio, birika za stima. Alisonga ugali kama mama yake, ngumu, ya kusimama yenyewe kwenye sahani. Kila Alhamisi alienda kwenye kikundi chao cha walioacha pombe kilichokutana katika ukumbi wa shule, akarudi na hadithi za kuchekesha bila kutaja majina. Jioni walicheza drafti na Kiprugut, ambaye alikuwa mwizi wa drafti aliyekubuhu.

"Kijana wako ananiangalia mikono," Kiprugut alilalamika.

"Ni lazima, mzee," Quincy alisema. "Hiyo kete ilikuwa mfukoni mwako."

"Ilikuwa inapumzika."

Mvua ilipotulia mawaridi yalichanua. Yalichanua kwa wingi kama kwa makusudi. Asubuhi Sitati alisimama katikati yao na kikombe cha chai, na vidole vyake vilimwasha. Vilizoea kuwa na kazi msimu huo.

"Baba," Quincy alimwuliza kutoka mlangoni, "siku hizi haya maua unayafanyia nini?"

"Nayaangalia."

"Ni ngumu?"

Sitati alifikiri. "Ni ngumu."

"Karibu kwa kikundi," Quincy alisema. "Unasimama, unasema jina lako, tunakupigia makofi."

Wakacheka wote wawili, na Sitati akajiambia moyoni kwamba mtoto amepona, nyumba imepona, na ile chupa moja ndani ya leso haimdhuru mtu. Haikuwa ya kunywa. Ilikuwa Edinah. Mwaka ule wa mwisho miguu yake ilikuwa imevimba, haikumbeba tena. Sitati alimwekea kiti katikati ya mawaridi, naye akachuma akiwa ameketi, akakata visigino vyeupe kwa mkasi wake, na mikono yake ikitetemeka. Ilichukua siku tatu kupata beseni moja. Kutokana na beseni hilo ilipatikana chupa moja tu. Mtu angemwagaje hiyo?

*

Jumapili moja ya Juni ibada ilichelewa kwisha. Sitati alirudi saa saba, njaa inamuuma, akiwaza ugali na mboga. Alifungua mlango akamkuta Quincy ameketi mezani. Mbele yake leso ya kijani ilikuwa imetandazwa, na juu ya leso chupa. Hakukuwa na glasi. Kando yake kikombe cha chai kilikuwa kimepoa mpaka kimefanya utando.

Jambo la kwanza Sitati alilofanya ni kutazama kizibo.

"Sijafungua," Quincy alisema.

"Sijasema umefungua."

"Umeangalia kizibo kabla hujaniangalia mimi."

Sitati aliweka Biblia yake juu ya kabati. Hakujua mikono aipeleke wapi.

"Nilikuwa natafuta picha ya mama," Quincy alisema. "Ile ya harusi ya Nekoye. Nilitaka niiwekee fremu ukirudi uikute. Hiyo ilikuwa saa tatu. Nimeketi hapa tangu saa tatu, Baba." Shati lake lilikuwa limelowa kwapani, na alizungumza polepole, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. "Ulisema zimeisha."

"Hii ni tofauti. Hii ni ya mama yako. Ni ya mwisho aliyoitengeneza."

"Najua. Mimi ndiye nilimshikia beseni."

"Basi unaelewa. Hii si pombe."

"Ni nini?"

Sitati alifungua mdomo. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi likakaa hapo.

"Kaa chini, Baba," Quincy alisema. "Nikuambie kitu."

Sitati akakaa, na koti lake la kanisani.

"Mimi sikuanza kidato cha pili. Nilianza hapa. Hapa kwa hii meza, nikiwa na miaka saba. Mlitupa kijiko. Nekoye alikunja uso akasema inawasha. Mimi nikaomba kingine, na wewe ukacheka, ukasema huyu ana ulimi wa mwonjaji hodari. Nilisikia vizuri sana siku hiyo. Nilipofika darasa la sita nilikuwa nafungua chupa zako kwa stoo, nakunywa, halafu najaza na chai ya rangi."

"Chai ya rangi?"

"Unakumbuka ile ya mwaka elfu mbili, ulisema ni hafifu? Ukaenda kugombana na mwenye duka eti hamira yake ni mbovu? Hamira haikuwa mbovu, Baba."

Sitati alikumbuka. Alikumbuka hata shati alilovaa akienda kugombana.

"Kwa nini hukumwambia yule Chepkemoi?"

"Uliingia pale na koti lako. Ulikuwa umepiga viatu rangi. Nikasema hilo moja nitalibeba mimi." Quincy alijipangusa uso kwa kiganja. "Walitufundisha kwamba uongo mmoja unatosha kukurudisha chini. Mimi nilitoka pale na mmoja mfukoni, na haukuwa hata wangu."

Nje Kiprugut alikuwa akikohoa kwake, akiita kuku. Sauti za Jumapili za kawaida.

"Sisemi ni wewe uliniharibu," Quincy aliendelea. "Chang'aa nilinunua mwenyewe, hakuna mtu alinishika mdomo. Lakini wale wenzangu kule Njoro, kila mmoja anamjua adui yake kwa jina. Ukitaja pombe, anashtuka. Mimi pombe najua kuikataa sasa. Nimejifunza. Ni maji ya maua ndiyo sijui. Nikisikia hiyo harufu sisikii pombe. Nasikia nyumbani. Nasikia mama anaimba."

Alisukuma chupa taratibu mpaka ikafika upande wa baba yake.

"Imwage. Sasa hivi, nikiona. Halafu nipike tule."

Sitati alisimama. Aliibeba chupa mpaka kwenye karo, akaking'oa kile kizibo, na harufu ikapanda. Haikuwa kama zile kumi na tisa. Hii ilikuwa na kitu cha Edinah mwenyewe, labda mafuta ya mikono yake, labda ni mawazo tu ya mzee. Aliiinamisha. Divai ikasogea mpaka shingoni mwa chupa, ikasimama hapo, nyekundu, tayari. Mkono haukushuka zaidi. Aliuamuru, kama alivyowahi kuuamuru miaka mingi kuinua nyundo asubuhi za baridi, nao ukakataa. Alimwona mkewe ameketi kwenye kile kiti. Akasikia nyuma yake mwanawe amesimama anasubiri.

"Kesho," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Niachie leo tu, Quincy. Kesho asubuhi nitaimwaga."

Quincy alipojibu, sauti yake ilikuwa ya huruma, na hiyo ndiyo iliyomkata Sitati zaidi.

"Kesho," alirudia. "Hilo neno nalijua vizuri, Baba. Nimelitumia miaka kumi na tano."

Akaenda chumbani. Sitati alisikia zipu ya begi, na vyuma vya mfuko wa vifaa vikigongana.

"Quincy, ngoja tule kwanza."

"Sijakasirika, Baba. Ningekuwa nimekasirika ingekuwa rahisi." Alikuwa mlangoni, begi begani. "Lakini siwezi kulala nyumba moja na hiyo kitu. Na wewe huwezi kulala bila hiyo. Wacha niende kwa Nekoye."

"Nitaimwaga! Naimwaga sasa, tazama!"

"Ulipewa nafasi nikiwa hapo, Baba."

Aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima, kama mgeni anayeaga, akafunga mlango polepole ili usigonge.

Sitati aliimwaga. Hakungoja kesho, Quincy hakuwa amefika hata barabara ya lami. Aliimwaga yote mpaka mashapo, akafungulia bomba, akasugua karo kwa sabuni na jivu. Halafu akatoka mbio kadiri miguu yake ilivyoweza, mpaka kwenye kona. Barabara ilikuwa na watu wanaotoka kanisani, watoto wenye mandazi, mwanamke na mwavuli. Mwanawe hakuwepo. Simu yake ilikuwa imezimwa.

*

Alivumilia wiki tano. Mwisho wa Julai akapanda Dundori.

Kule juu ukungu ulikuwa bado haujaondoka saa nne asubuhi, na udongo ulikuwa mweusi, umefunguliwa. Walikuwa wakivuna viazi. Nekoye alimwona baba yake kutoka mbali, akaja kumlaki mpaka langoni, akajifuta mikono kwenye sketi kabla ya kumsalimu. Alimkaribisha chai. Sitati alikataa kuingia ndani. Alisimama pale pale langoni, akafungua mfuko wake, akatoa chupa iliyooshwa mpaka inang'aa. Karatasi yake bado ilikuwa ubavuni.

"Nimeleta uione. Niliimwaga. Siku ile ile, hata nusu saa haikupita."

Nekoye aliishika ile chupa. Akaigeuza kwenye mwanga. Kwa muda alikuwa na uso wa mama yake kabisa.

"Baba," alisema, "chupa tupu hata mlevi anayo."

"Unafikiri nilikunywa?"

"Sifikiri kitu. Nilikuuliza kama zimeisha ukaniambia zimeisha. Nilihesabu mwenyewe. Sasa unaniambia tena, na mimi sijui nishike lipi." Machozi yalimlengalenga, akayarudisha. "Sijui, Baba. Nataka kukuamini. Sijui nianzie wapi."

Miaka yote Sitati alikuwa mtu ambaye neno lake halikuhitaji shahidi. Alitafuta shahidi kichwani: Kiprugut alikuwa akilisha kuku, bomba halisemi.

Quincy alikuwa ameacha jembe. Alikuja akipita kati ya matuta, viatu vyake vizito kwa udongo, akasimama upande wa pili wa lango lililokuwa wazi. Alikuwa ameongezeka mwili. Mashavu yalikuwa yamerudi.

"Mulembe, Baba."

"Mulembe, mwanangu." Sitati alikuwa amefanya mazoezi ya maneno njia nzima, hotuba nzuri yenye mwanzo na mwisho, na yote yalikuwa yamepotea isipokuwa machache. "Ilikuwa pombe, Quincy. Nilikuwa nakupa pombe. Nilijua, na nikaipa jina lingine kwa sababu ya kanisa na kwa sababu ya majivuno yangu."

Quincy alitikisa kichwa kukubali. Hakuonekana kushangaa wala kufurahi.

"Asante kwa kusema."

"Rudi nyumbani. Nimeng'oa hata mawaridi."

"Ungeyaacha. Yalikuwa ya mama." Alikuna udongo uliokuwa umekauka kwenye kiganja. "Sitaweza, Baba. Si kwamba sikusamehe. Nilikusamehe hata kabla sijafika kwa stendi ile siku. Lakini mwili wangu hausikii haya maneno yetu. Mwili wangu ukiona ule mlango, ukiona ile meza, unakumbuka mambo yake. Chepkemoi anasema nikae huku."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Mwezi? Mwaka?"

"Sijui, Baba. Usinibane nikuambie tarehe halafu niivunje."

Mtu alimwita kutoka shambani. Gunia lilikuwa limejaa, linataka kushonwa. Quincy alisita, kisha akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili, yenye udongo, akaushika kwa nguvu, akauachilia. Akarudi matutani. Sitati alimtazama akiinama, akisimama, akiinama. Alimtazama mpaka akaona haya, kama mtu anayechungulia nyumba ya watu.

Nekoye alimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amembebea baba yake viazi kwenye mfuko, na hakutaka kumpa mapema vimchoshe.

"Anakula?" Sitati aliuliza.

"Anakula vizuri. Anamaliza, anaongeza."

"Na usingizi? Kwangu alikuwa anaamka amka. Nilikuwa namsikia anatembea, anafungua mlango, anafunga."

"Huku analala, Baba. Analala mpaka asubuhi, mpaka tunamwamsha."

Sitati aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekuja na maumivu mengi, lakini hili hakuwa amejiandaa nalo. Wiki tisa aliamini kwamba mtoto alikuwa amepona chini ya paa lake. Kumbe zile zilikuwa wiki tisa za kukesha.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana. Msimwamshe mapema."

Akapokea mfuko wa viazi, akasimama kando ya barabara kungoja gari la kuteremka.